Panya wa Kujaribia na Swali la Mama Mdogo

Likizo iliyopita nilikuwa Pweto, ufukoni mwa ziwa Moero. Mama mdogo, mtoto wake mgongoni, aliniuliza: « Mwanangu, weye unasoma Lubumbashi, huyu mutoto iko na nini? » Majirani walikwisha kumjibu: laana. Daktari aliandika kwenye karatasi: trisomi 21. Karatasi ilihitaji mfasiri, na mimi ni mwanafunzi wa lugha.

Nilianza hivi. Chembe za mwili wa mtu kwa kawaida hubeba kromosomu 46, yaani jozi 23. Mwaka 1959, huko Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walionyesha kwamba watoto wa aina hii wana 47: kromosomu ya 21 ni tatu badala ya mbili. Mara nyingi ziada hiyo hutokea yai linapoundwa, kabla ya mimba. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyekosea.

« Na dawa? » Hapo ndipo panya anapoingia. Ana kromosomu 40, na jeni zinazolingana na zile za kromosomu yetu ya 21 zimetawanyika katika tatu zake: ya 10, ya 16 na ya 17. Mwaka 1990 Muriel Davisson, huko Marekani, alimtambulisha panya Ts65Dn, mwenye nakala ya tatu ya sehemu ya kromosomu 16. Hujifunza kwa shida, ila amebeba pia jeni nyingine zisizohusika. Mwaka 2005 watafiti wa London walitoa panya Tc1, mwenye sehemu kubwa ya kromosomu 21 ya mtu. Wengi wao wana kasoro za moyo, kama watoto wengi wenye trisomi.

Wataalamu humwita « modeli ». Nilitafsiri « mfano ». Mama akadhani nasema mwanawe anafanana na panya, akakunja uso. Nikasahihisha: « panya wa kujaribia ». Kinachoigwa ni ugonjwa, si mtoto.

Tena sikumficha mipaka. Dawa za jamii ya basmisanil zilisaidia panya kukumbuka. Kwa watu, jaribio la basmisanil lilikoma mwaka 2016 bila faida iliyotarajiwa. Panya hufungua njia, hatufikishi.

« Basi nifanye nini? » Nikamwambia: ampeleke mtoto akapimwe moyo, aongee naye kila siku, ampeleke shule. Mama akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kitenge chake. Kesho yake tuliondoka pamoja kwenda hospitali.