Sindano Haimgusi Mtoto

"Dada, sindano hiyo itamchoma mwanangu?" Swali hilo nimeulizwa kwa Kiswahili cha Tanga, cha Lamu na cha Bukavu, katika kliniki za London ninakofanya kazi ya ukalimani.

Mama wa safari hii alikuwa na mimba ya wiki tisa. Yeye na mumewe wote ni AS, yaani wabebaji wa selimundu: wazima wa afya, lakini kila wanapopata mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa wa selimundu ni mmoja kati ya minne. Mtoto wao wa kwanza anao ugonjwa huo, na usiku wa kulia kwa maumivu ya mifupa wanaujua. Walitaka kipimo cha sindano, cha kujua kama mtoto aliye tumboni anao pia, siku ileile. Daktari akawapa tarehe ya wiki tatu mbele, na mume akakasirika, akidhani wanapigwa danadana.

Daktari akaeleza, nami nikatafsiri. Mwaka 1991 wataalamu wa Oxford waliripoti watoto 5 wenye kasoro kubwa za mikono au miguu, katika mimba 289 zilizofanyiwa kipimo hicho kati ya siku ya 56 na ya 66. Ndiyo maana sasa husubiriwa wiki ya 11 hadi ya 14. Mume akanyamaza, akaitia ile karatasi ya miadi mfukoni.

Kuhusu mimba kuharibika, daktari alitaja nusu asilimia. Mama akanitazama tu. "Ni wangapi hao?" Daktari akaanza upya: chukua wajawazito 200 waliopimwa, anayepoteza mimba kwa sababu ya kipimo hazidi mmoja. Hapo akaelewa.

Siku ya kipimo nilisimama upande wa kichwani. Tumbo likapigwa ganzi, kisha ikaingia sindano ndefu, nyembamba, ikionekana kwenye utrasaundi kama mstari mweupe. Ilikomea kwenye kondo la nyuma. Mtoto alikuwa pembeni, akirusha mguu. Kilichovutwa ni vinyuzi vyeupe, vidogo mno, vyenye vinasaba vya mtoto.

Mama akaambiwa tumbo linaweza kunyonga kidogo, na matone ya damu kutoka. Lakini damu ikiwa nyingi, au homa, au maji yakivuja, arudi hospitali mara moja.

Kinachoniuma ni wale wanaojua kuwa ni AS baada ya mtoto kuanza kuugua. Kupima damu ya baba na mama hakuihatarishi mimba hata kidogo, na kunawezekana kabla mimba haijatungwa. Nawasihi wachumba wa kwetu wapime.

Siku ile, sindano ilipotoka, daktari aliweka tena utrasaundi. Moyo ulikuwa unapiga. Mama akageuza shingo kuelekea mlangoni, alikojibanza mumewe.

"Baba watoto, njoo uone."