Mama Aliyeandika Mbele ya Jua Kutoka



Kijana mmoja wa hapa kwetu alikuja kwangu na kaye yake chini ya mkono. Akaniambia: «Pasta, ninataka kuandika hadithi, lakini maneno hayakuji. Nyumbani kuna fujo, deni ni nyingi, na mama iko mgonjwa. Ninangojea siku moyo utatulia.» Sikucheka. Nilimwelezea habari ya mama mmoja wa Uingereza, akaisikiliza mpaka chai ikapoa. Leo ninakupa na wewe habari ile ile.

Jina lake ni Frances Trollope, aliyezaliwa mwaka 1779. Bwana yake alikuwa mwanasheria, lakini kazi ikamshinda. Akajaribu kulima, na shamba likamshinda vilevile. Katika mwaka 1827 mama alienda Marekani na watoto wengine kutafuta maisha. Biashara aliyoanzisha mu mji wa Cincinnati ikaanguka. Alirudi mikono mitupu, ila na makaye ambamo aliandika mambo aliyoyaona kule. Katika hayo akatoa kitabu chake cha kwanza, mwaka 1832. Alikuwa na miaka 53! Wewe unayesema «wakati wangu umepita», rudilia hesabu hiyo.

Kitabu kiliuzwa vizuri, lakini deni zilikuwa kubwa kuliko kitabu. Mwaka 1834 watu wa sheria walikuja kukamata vitu vya nyumba, na jamaa ikakimbilia Bruges, kule Ubelgiji. Kijana wake Henry alikuwa anakufa kwa kifua kikuu. Binti yake Emily akaanza kukohoa. Bwana naye alikuwa anaisha nguvu. Mchana mama aliwauguza. Usiku, wagonjwa wakipata usingizi kidogo, yeye aliandika hadithi za kufurahisha watu wengine. Mtoto wake Anthony alieleza kisha namna chupa za dawa na chupa ya wino zilivyokaa pamoja mu vyumba vya mama.

Henry alikufa Desemba 1834, baba mwaka 1835, Emily mwaka 1836. Kalamu haikusimama. Pesa ya vitabu ndiyo iliyolipa nyumba, munganga na chakula.

Kuna watu wanaosema: anayeandika kwa kutafuta pesa hana moyo. Mimi ninakataa. Mama anayeuza mikate sokoni ili watoto waende ku masomo, nani atasema mikate yake haina moyo?

Na desturi yake ilikuwa gani? Saa kumi ya usiku iko mezani. Watu wakiamka, kazi yake ya kuandika imekwisha, na anaanza kazi ya nyumba.

Na mawazo aliyatoa wapi? Aliyafuata kwa miguu. Mwaka 1839, akiwa karibu na miaka 60, alienda Manchester kuangalia kwa macho yake watoto waliotumikishwa kwenye mashini za pamba. Kisha akaandika hadithi ya mtoto mmoja wa kiwanda, Michael Armstrong. Mbele ya hiyo, mwaka 1836, alikuwa ameandika juu ya ubaya wa utumwa kule Marekani. Sisi wa Kolwezi na Likasi, tunaojua watoto wanaookota na kuosha mawe, hatuhitaji kuelezwa sababu yake.

Hata sisi wachungaji hatukupona. Mwaka 1837 alitoa hadithi ya mchungaji mnafiki anayeoa mjane tajiri na kukamata mali yake. Niliposikia hivyo nilikasirika kwanza. Kisha nikanyamaza, nikajiangalia.

Anthony alirithi desturi ya mama yake. Alifanya kazi ya posta zaidi ya miaka 30, na tena akaandika hadithi ndefu 47. Saa kumi na moja na nusu ya asubui alikuwa mezani. Alimwongezea mtumishi mmoja mzee pauni 5 kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha na kumletea kahawa. Aliweka saa mbele yake: maneno 250 kwa kila dakika 15. Katika safari za kazi aliandika ndani ya treni kwa penseli, na bibi yake Rose akanakili. Kwa Anthony, mwandishi ni kama fundi wa viatu: fundi hangojei moyo upende, anakaa na kushona. Siri hizo zilitoka katika kitabu chake cha mwaka 1883, mwaka mmoja kisha kufa kwake. Wasomaji wengine wakamzarau. Walizani hadithi inashuka kutoka juu, kumbe inatoka katika kiti.

Kijana yule aliniuliza: «Pasta, sasa nianze siku gani?»

Nikamwuliza: «Mama yako anakunywa dawa saa ngapi?»

«Saa kumi na moja ya asubui. Mimi ndiye ninamupa.»

«Basi, mwanangu, umekwisha kuamka. Weka kaye karibu na chupa.»

Na wewe, ndugu msomaji, mama msomaji, usingoje fujo ziishe nyumbani. Tafuta robo saa moja tu, saa ile ile kila siku, na uandike kile macho yako yameona.