Mashindano ya Riadha ya AAA ya 1923

Mashindano ya Riadha ya AAA ya 1923 yalikuwa mashindano ya taifa ya riadha nchini Uingereza, yaliyofanyika mwanzoni mwa Julai 1923 katika uwanja wa Stamford Bridge jijini London. Yanakumbukwa hasa kwa ushindi wa Eric Liddell kutoka Uskoti katika mbio mbili fupi.

Historia

Mashindano hayo yaliandaliwa na Chama cha Wanariadha wa Ridhaa (AAA), kilichoanzishwa mjini Oxford mwaka 1880. Kabla ya hapo, tangu 1866, mashindano ya taifa yaliendeshwa na klabu iliyowazuia mafundi na vibarua kushiriki. AAA ilifuta kizuizi hicho, lakini wanariadha waliolipwa fedha waliendelea kukatazwa. Wanariadha kutoka nje ya Uingereza waliruhusiwa, ndiyo maana Mskoti aliweza kutwaa ubingwa. Wanawake hawakushiriki, mashindano yao ya taifa yalianza mwaka huohuo chini ya chama chao wenyewe.

Mbio fupi

Liddell, aliyezaliwa nchini China mwaka 1902 na wazazi wamisionari, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alishinda mbio za yadi 100 (mita 91.44) kwa sekunde 9.7 na zile za yadi 220 kwa sekunde 21.6. Wakati huo wakimbiaji walichimba vishimo vya kukanyagia mwanzoni mwa mbio, na muda ulipimwa kwa saa za kubonyezwa kwa mkono. Muda wake wa yadi 100 ulikuwa rekodi ya Ufalme wa Muungano, nao haukufikiwa kwa miaka 23.

Filamu ya Chariots of Fire (1981) inaonyesha Liddell akimshinda Harold Abrahams katika yadi 100. Kwa kweli Abrahams hakukimbia katika fainali hiyo. Wawili hao walikutana katika hatua ya mchujo ya yadi 220.

Baada ya mashindano

Ushindi huo ulimfanya Liddell kuwa tegemeo la nchi katika mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924. Hata hivyo, mchujo wa mbio hizo ulipangwa siku ya Jumapili, naye alikataa kukimbia siku hiyo kwa sababu ya imani yake ya Kikristo. Abrahams alishinda mita 100, na Liddell akapata dhahabu katika mita 400 kwa sekunde 47.6.