Kibao cha Barabarani na Hesabu ya Kenda

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hufika Mackinnon Road kabla hajamaliza kilomita mia moja, na aghalabu huikumbuka kwa msikiti wa Seyyid Baghali ulio kando ya reli na kwa ukame wa nyika ya Taru. Mimi huikumbuka kwa vibao. Hata jina la mji wenyewe ni la barabara, ile iliyofunguliwa na kampuni ya William Mackinnon katika miaka ya 1890.

Nina mazoea, ambayo mke wangu huyaita utoto, ya kusaka mipangilio katika tarakimu za masafa. Kibao kikitaja Voi na Nairobi, toa masafa madogo katika makubwa. Baki haina budi kuwa ile ile katika kila kibao hadi uingie Voi. Ikibadilika, kuna kibao kinachosema uongo. Au tuseme kimeandikwa 72. Igeuze iwe 27, kisha utoe: 45. Nambari yoyote ya tarakimu mbili ukiitenda hivyo, baki hugawika kwa tisa. Si uchawi, tarakimu ikihama kutoka makumi hadi mamoja hupungukiwa na tisa kwa kila moja iliyokuwa nayo.

Likizo iliyopita nilimfundisha mpwa wangu mchezo huo. Alijibu upesi, lakini kwa Kiingereza. Nilipomwomba aseme kwa Kiswahili, alikwama. Wala si yeye peke yake: wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wanaochambua ngeli bila kusita, hunitajia nambari zao za simu kwa Kiingereza.

Na hapo tulikuwa kwa Waduruma, ambao ni miongoni mwa Mijikenda, watu ambao jina lao lenyewe ni hesabu: miji kenda. Kenda lilikuwa neno letu kabla ya tisa ya Kiarabu kulisukuma kando. Sita na saba pia ni za Kiarabu, na sizionei haya. Tuliziazima tukazifanya zetu. Ninachohofia ni kuazima tena hesabu nzima ilhali tunayo.

Basi mzazi, mwambie mtoto aweke simu kando akusomee vibao. (Dereva asishiriki; malori ya njia ile hayana mzaha.) Tuliporudi, mpwa wangu alisoma kila kibao kutoka Maungu hadi Mariakani, akitatizwa na sitini na sabini tu.