Plastiki ya Shambani Ishike Njia Nyingine

Sehemu kubwa ya viazi, mashu na vitunguu vinavyoliwa Goma hushuka kutoka Kibumba, chini ya volkano ya Nyiragongo, kwa lori au kwa chukudu, zile skuta za mbao, vikiwa ndani ya ile mifuko myeupe ya kufumwa. Mboga zikiisha sokoni Virunga, mfuko hutiwa makala, baadaye mchanga, mwisho hutandazwa juu ya kibanda cha muuzaji kuzuia jua, mpaka siku utakapoushika upukutike mkononi.

Kupukutika huko si kuoza. Mfuko umefumwa kwa polipropilini, yaani minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Miale ya urujuanimno huikata minyororo hiyo, na Goma, mji wa karibu na ikweta ulioinuka takriban mita 1,500, huipata miale hiyo kwa ukali. Uzi huwa chembe, lakini chembe ni plastiki ile ile. Ni nyepesi kuliko maji, hivyo mvua huibeba hadi ziwani. Kuchimba shimo la taka nako ni shida katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, na anayechoma huivuta sumu yake kwa pumzi.

Ziwa Kivu lina mto mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, pale Bukavu. Taka zinazoelea hukusanyika huko na kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I, umeme ukapungua. Nicole Menemene, mwanzilishi wa Plastycor, hugeuza plastiki ya ziwa kuwa vikapu na vyombo vya maua. Kazi yake naiheshimu sana. Lakini plastiki inayofika huko imekwisha kuchanganyika, na hilo ndilo adui wa urejelezaji: polithini laini ya viriba vya miche huyeyuka karibu nyuzi 110 za Selsiasi, polipropilini karibu 160, chupa za maji ya kunywa karibu 250. Ukiziyeyusha pamoja, tena na udongo ndani, unapata kitu dhaifu. Shambani kila aina ingali peke yake, na kuitenga hakugharimu chochote.

Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2021 kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kila mwaka. Nyingine inaweza kuepukwa kabisa. Miti ya makala iliyopandwa kuizunguka Hifadhi ya Taifa ya Virunga tangu 2007, chini ya mradi wa EcoMakala, ilihitaji vitalu vingi vya miche. Mche ulioatikwa ndani ya ganda la mgomba badala ya kiriba cha plastiki hupandwa nalo, likaozea ardhini. Migomba haijaadimika Kivu.

Chupa za dawa za kunyunyizia mimea ndizo zinazonitia hofu, kwa sababu nyumbani huishia kuwekewa mafuta au maji. Zisuuzwe mara 3, papo hapo shambani: ining'inize chupa mdomo chini juu ya bomba la kunyunyizia nusu dakika, tia maji robo ya chupa, funga, tikisa, mimina ndani ya bomba lile lile. Tuseme zimebaki mililita 10 za dawa, nawe unaongeza maji mililita 240. Kila suuzo huacha 1/25 ya dawa iliyokuwamo. Baada ya suuzo la tatu imebaki sehemu 1 kati ya 15,625. Na kilichotoka kimeingia kwenye mimea, hakikupotea. Kisha toboa chupa, asije mtu akainywea.

Amri ya serikali ya Kongo ya mwishoni mwa 2017 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki haikumfikia mkulima wa Kibumba na chupa yake. Brazil ilimfikia mkulima wake: kwa sheria, mkulima hurudisha chupa zilizosuuzwa, nao watengenezaji hubeba mzigo wa kuzirejeleza, na sehemu kubwa sana ya chupa hizo hurudi kweli. Goma haihitaji kufundishwa jambo hilo. Chupa tupu ya bia ya Primus haitupwi hapa, kwa kuwa kila mtu anajua ina bei yake dukani. Chupa ya dawa nayo iwekewe bei, ilipwe na anayeiuza.