Mkondo na Maji Yarudio: Suala la Istilahi

Neno mkondo humpa msikilizaji picha ya maji yaendayo upande mmoja. Picha hiyo haitoshi pale kompyuta inapoigiza maji yanayokwenda na kurudi kandokando ya nguzo ya mviringo baharini. Mwaka 1950, Morison na wenzake waliigawa kani ya mawimbi juu ya nguzo sehemu mbili: ukinzani, unaofikia kilele maji yaendapo kasi zaidi, na inesha, inayofikia kilele maji yasimamapo ili yageuke. Anayefasiri kwa mkondo tupu huificha sehemu hii ya pili, ambayo ndiyo hutawala maji yakisogea umbali mfupi kulinganisha na kipenyo cha nguzo. “Mkondo geugeu” ni afadhali, ingawa geugeu lina harufu ya lawama.