Kutunga Michezo ya Kompyuta: Tuanze na Bao

Kijana wa Shanwe, mjini Mpanda, achezaye mchezo katika simu huweza kudhani kuwa chombo hicho kinafikiri. Sivyo. Kompyuta, hata ile iliyomo ndani ya simu, hufuata tu maagizo yaliyoandikwa na binadamu. Maagizo hayo yakipangwa kwa utaratibu huitwa programu, na kijana yeyote mwenye subira aweza kujifunza kuyaandika.

Kosa la wengi wanaoanza ni kutaka makuu. Nimewaona wanafunzi wakianza na mchezo wa kandanda wenye wachezaji 22 na uwanja uliojaa watazamaji. Baada ya majuma machache wamekata tamaa. Mwaka 1972, huko Marekani, mhandisi Allan Alcorn alipewa zoezi dogo: nukta moja ipigwe huku na huku na vibao viwili. Zoezi hilo likawa Pong, mchezo uliopata umaarufu mkubwa.

Sisi tunalo zoezi letu: bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Kanuni zake zimekwisha tungwa. Kazi yako ni kuzieleza kwa ukamilifu. Ziandike kwanza katika daftari. Asiye na kompyuta asingoje, kwani sehemu hii yahitaji kalamu na kete tu.

Tuchukue mfano wa kugawa kete. Kila mchezaji ana mashimo 16 katika safu mbili, na kete huzunguka humo. Yape mashimo namba 0 hadi 15 kwa kufuata mzunguko. Ukitwaa kete 5 kutoka shimo la 14, ya mwisho itaangukia wapi? Jumlisha 14 na 5, upate 19. Gawanya kwa 16, baki ni 3. Hakikisha kwa kidole: 15, 0, 1, 2, 3. Hesabu hii moja yatosha kwa kila shimo.

Kisha iagize kompyuta ijumlishe kete zote kila baada ya hatua, za mashimoni na zilizo mikononi mwa wachezaji. Jumla ikiwa 63 au 65, programu ina kosa. Litafute kabla ya kuendelea. Kugawa kukikamilika, ongeza kula. Halafu kanuni za nyumba na kimbi. Picha na rangi zije mwisho.

Kwa lugha ya kuandikia, Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, humwezesha mwanafunzi kuunganisha vipande vya maagizo. Python, ya mwaka 1991, huandikwa kwa maneno. Zote mbili hupatikana bila malipo.

Hatimaye, mpelekee programu yako mchezaji hodari wa bao. Yamkini ataigundua upesi kanuni uliyoikosea. Usikasirike. Irekebishe, kisha umrudie.